Kumwuguza Buibui Mkubwa



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine wenu mtalicheka, wala sitawalaumu. Nataka kuwaeleza jinsi ya kumwuguza buibui. Sisemi yule buibui mdogo wa pembeni mwa nyumba, ambaye hufagiliwa pamoja na utando wake, bali yule mkubwa mwenye manyoya, awezaye kuenea kiganja cha mtu mzima, ambaye wataalamu humwita tarantula. Tena nitakayemtaja si buibui wa porini. Ni buibui aliyefugwa nyumbani, kama watu wafugavyo paka au njiwa.

Najua mtaniuliza: Je, yuko mtu mwenye akili timamu afugaye buibui, na akiugua amwuguze? Wako, na ni wengi. Katika Uingereza, Ujerumani, Marekani na Japani watu humweka katika sanduku la kioo au la plastiki, wakamtilia udongo wa kuchimba, gome la mti la kujifichia na kisahani cha maji, wakamlisha nyenje na mende. Majike ya aina nyingine huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Basi mtu aliyekaa na kiumbe nyumbani mwake miaka 20, si ajabu akihuzunika amwonapo mgonjwa.

Na wengine katika buibui hao asili yao ni kwetu. Yuko mmoja, rangi yake kama chungwa lililoiva, ambaye jina lake la kitaalamu ni Pterinochilus murinus. Jina hilo alipewa na Mwingereza R. I. Pocock mwaka 1897. Huyu hupatikana Kenya, Tanzania na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika, na wale wa rangi ya chungwa wafugaji wa Ulaya wamezoea kuwaita kwa jina la Usambara. Waingereza huwaita buibui wa jamaa hii buibui wa nyani, kwa kuwa ncha za miguu yao zafanana na vidole vya nyani. Ni mmoja wa hao nitakayewasimulia habari zake, maana aliwekwa amana mikononi mwangu, nami nikakaribia kumwua mara mbili, na mara zote mbili nilidhani ninamhurumia.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa Uingereza kwa masomo, nikikaa nyumba moja na rafiki yangu, kijana wa Kiingereza. Huyu alikuwa na buibui jike wa aina hiyo, aliyemlea tangu alipokuwa mdogo kama punje ya mtama. Wakati wa baridi baba yake rafiki yangu aliugua, naye akalazimika kwenda kumtunza kwa majuma sita. Akaniambia, "Huyu ni mtu wa kwenu, mtunze." Akaniachia karatasi mbili zilizoandikwa pande zote, zenye maagizo. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona habari za maji na nyenje, nikadhani nimejua yote. Nikaziweka karatasi chini ya sanduku.

Juma la kwanza buibui hakula. Nilimtilia nyenje mmoja, akamwacha. Nikaongeza wa pili na wa tatu. Nilisema moyoni, "Asiyekula ni mgonjwa, na mgonjwa yapasa abembelezwe." Naye akaziba mlango wa utando wake, akajificha. Siku ya kumi niliamka asubuhi nikamkuta amelala chali, miguu yote minane juu, kimya kabisa. Niliingiwa na hofu kuu. Nikawaza: Nitamwambia nini mwenye mali? Nikatwaa kijiko ili nimtoe nikamzike bustanini. Kijiko kilipomgusa, mguu mmoja ukatikisika.

Hapo ndipo nilipozivuta zile karatasi na kuzisoma hata mwisho. Katika ukurasa wa nne, mstari wa kwanza, yalikuwa maneno haya: "Ukimkuta chali, usimguse. Anajivua gamba."

Ndugu zangu, watu wa pwani mwajua kwamba kaa hana mifupa ndani yake. Gamba lake ndilo mfupa wake, na akitaka kukua hana budi kulivua na kuvaa jingine. Buibui ni vivyo hivyo. Kabla ya kujivua huacha kula siku nyingi, pengine miezi. Huwa mzito wa kutembea, rangi yake hufifia, na mara nyingi hujizibia ndani. Siku ikifika hulala chali au ubavu, gamba la kifuani hupasuka, naye huitoa miguu yake mmoja mmoja polepole, kama mtu avuaye soksi zilizolowa. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi. Wakati huo ngozi yake mpya ni laini kama ute, hata chonge zake ni nyeupe na laini. Ukimgusa, waweza kumpindisha mguu au kumtoboa. Na wale nyenje niliowatia kwa wingi walikuwa hatari kuliko njaa, maana nyenje mwenye njaa huweza kumtafuna buibui aliye laini. Niliwatoa upesi kwa koleo ndogo.

Basi dalili ya kwanza ya kukumbuka ni hii. Buibui aliyelala chali si mfu, wala si mgonjwa. Kwa kawaida anajivua gamba. Buibui anayekufa halali chali. Husimama palepale alipo, miguu yake ikajikunja chini ya kifua, kama vidole vya mkono uliofumbatwa. Mwenye kujua tofauti ya mambo haya mawili amekwisha jua nusu ya uganga wa buibui.

Yule buibui wangu alimaliza kujivua usiku ule, lakini si salama. Mguu ule niliougusa kwa kijiko ulinasa katika gamba la zamani, akauburura siku nzima. Ikiwa jambo kama hilo limetokea, yafaa kulilowanisha gamba lililonasa kwa maji kidogo ya uvuguvugu, kwa brashi laini ya kupakia rangi, na kungoja. Kuvuta haifai kabisa. Hayo nayo yalikuwa yameandikwa katika ukurasa wa nne. Niliyafanya, lakini mguu haukutoka, na kesho yake buibui akaukata mwenyewe pale kwenye kiungo karibu na kifua, akauacha. Mungu amempa uwezo huo: mguu ulioharibika huutupa, na kiungo hujifunga damu isimwishe. Basi akabaki na miguu saba, nami nikabaki na deni.

Sasa nisikilizeni kosa langu la pili, ambalo lilizaliwa na la kwanza. Kwa kuwa nilimdhuru kwa kumgusa, niliapa nisimguse tena. Hata kifuniko cha sanduku sikukifungua. Kisahani cha maji kikakauka, nikasema, "Afadhali nimwache apumzike." Lakini ilikuwa majira ya baridi, na nyumba za Uingereza majira hayo hutiwa joto kwa mabomba ya ukutani, hewa ya chumbani ikawa kavu kama ya tanuri. Na kiumbe aliyetoka kujivua gamba amepoteza maji mengi mwilini. Baada ya majuma mawili nikamwona amesimama katikati ya sanduku mchana, jambo asilolifanya kamwe. Tumbo lake lilikuwa limesinyaa kama tende, na miguu ilianza kujikunja chini.

Yafaa niwaeleze kwa nini miguu hujikunja. Sisi tuna misuli ya kukunja mguu na misuli ya kuunyosha. Buibui anayo misuli ya kukunja, lakini katika baadhi ya viungo vikubwa vya mguu hana ya kunyosha. Hunyosha mguu kwa kuusukumia damu, kama mpira wa baiskeli unavyosimama kwa kujazwa upepo. Damu yake ikipungua kwa kukosa maji, nguvu ya kunyosha hupungua, misuli ya kukunja ikashinda, na miguu yote ikaingia chini. Kwa hiyo miguu iliyokunjika mara nyingi ni kilio cha kiu. Lakini si kiu peke yake: uzee, jeraha na sumu nazo huleta dalili hiyohiyo. Hata hivyo dawa ya kwanza ni maji, kwa kuwa maji yakitolewa kwa uangalifu hayamdhuru, na kuchelewa kwamdhuru.

Mimi sikuanza na dawa hiyo. Muuzaji mmoja wa wanyama aliniambia nimtie katika kopo dogo, nikaweka karatasi zilizolowa chini yake, nikafunga kifuniko chenye matundu na kuliweka mahali pa joto. Zamani wafugaji wengi walifanya hivyo, wakalisifu kopo hilo kama hospitali. Nilifanya, na siku ya pili nikasikia harufu ya uvundo, na buibui alikuwa vilevile au amezidi kulegea. Ndipo nikampigia simu mganga wa wanyama aliyekuwa na maarifa ya viumbe hawa. Akaniuliza neno moja tu: "Je, umemnywesha?" Nikasema, "Nimemweka penye unyevu." Akasema, "Bwana, mtu mwenye kiu humpeleki kukaa katika ukungu. Humpa maji anywe."

Akanieleza. Buibui hanywi kwa ngozi. Hunywa kwa kinywa, na kinywa chake kiko chini, nyuma ya chonge. Joto na unyevu katika kopo lisilopita hewa huotesha ukungu na vijidudu, na kiumbe aliyedhoofika hawezi kupigana navyo. Akaniagiza nifanye hivi, nami nawapa maagizo yaleyale, kwa taratibu yake.

Kwanza, usimshike kwa mkono. Buibui wetu huyu huuma, na ingawa sumu yake haijulikani kuwa imeua mtu, huleta maumivu makali na kukakamaa kwa misuli. Buibui wengi wa nchi za Amerika huwa wapole zaidi, lakini hao wana manyoya ya tumboni wayapukusayo kwa miguu, nayo huwasha ngozi na kudhuru macho vibaya. Mfunike kwa bilauri, upitishe karatasi ngumu chini, umhamishe.

Pili, twaa kisahani kifupi chenye maji safi, kina chake kisipite nusu ya unene wa kidole. Mlaze buibui hata sehemu ya mbele ya kifua iwe ukingoni, chonge na kinywa viguse maji. Tumbo libaki nje, mahali pakavu. Jambo hili msilisahau, maana pua yake haiko kichwani. Mapafu yake yako chini ya tumbo, yamepangwa kama kurasa za kitabu, na milango yake ni minne. Ukimtumbukiza mwili mzima utamzamisha huku ukidhani unamnywesha.

Tatu, ikiwa hana nguvu ya kukaa hivyo, mdondoshee maji matone machache mbele ya kinywa kwa bomba dogo la dawa lisilo na sindano, tone baada ya tone.

Nne, mweke mahali penye giza na kimya, pasipo baridi wala jua, kisha umwache. Mtazame baada ya saa moja, si kila dakika.

Niliyafanya hayo saa mbili za usiku. Saa nne nilipotazama sikuona badiliko lolote. Nikaenda kulala, lakini sikupata usingizi. Alfajiri nikawasha taa, nikaona miguu miwili ya mbele imenyoshwa juu ya ukingo wa kisahani. Adhuhuri alikuwa amesimama kwa miguu yake saba, na tumbo limeanza kujaa. Kesho yake nilipomkaribia aliinua miguu ya mbele na kunionyesha chonge zake, ambazo sasa zilikuwa nyeusi na ngumu. Sijapata kufurahi hivyo kwa kutishwa.

Wasikilizaji, kiu na kujivua gamba si maradhi yote ya buibui. Nitayataja mengine kwa ufupi.

Liko jeraha. Tumbo la buibui ni zito na ngozi yake ni nyembamba; akianguka kutoka urefu wa meza tu, laweza kupasuka. Damu yake si nyekundu. Ina rangi ya buluu hafifu, kwa kuwa ina shaba mahali ambapo yetu ina chuma. Ukiona majimaji yakitoka, kaushia unga laini wa wanga, au pakaza Vaseline kidogo juu ya tundu ili lizibe, wala usizibe milango ya mapafu. Kisha mpe maji na utulivu. Jeraha la mguu hupona, au mguu hutupwa. Jeraha kubwa la tumbo mara nyingi halina tumaini.

Uko utitiri, ndugu wa ule wa kuku. Huzaliana katika mabaki ya chakula na udongo uliolowa. Dawa yake ni usafi: toa mabaki, badili udongo wote, tia mkavu, acha kisahani cha maji peke yake. Kamwe usipulize dawa ya kuua wadudu. Dawa iuayo utitiri, mbu na mende humwua na buibui. Vivyo hivyo usimlishe panzi waliokamatwa katika shamba lililopuliziwa dawa, maana sumu huingia pamoja na chakula.

Na uko ugonjwa wa minyoo midogo sana, ambao ndio wafugaji wauogopao kuliko yote. Buibui huacha kula, na katikati ya chonge zake huonekana ute mweupe. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside walitangaza aina mpya ya minyoo hiyo, iliyotoka katika buibui wa mfugaji mmoja, wakaiita Tarantobelus jeffdanielsi, kwa kumkumbuka Jeff Daniels, mchezaji wa sinema aliyepigana na buibui katika mchezo mmoja. Minyoo hiyo hukaa kinywani, ikamzuia buibui kutumia viungo vya kinywa chake, hata akafa kwa njaa. Dawa iliyothibitishwa haijapatikana. Liwezekanalo ni kumtenga mgonjwa, kutotumia koleo lake kwa wengine, na kuosha mikono.

Labda mwanafunzi mmoja atauliza, "Basi, niende nikamchimbe mmoja nimfuge?" Nasema, usiende. Mahali pake ni shimoni mwake, ambako hula wadudu wengi na hamdhuru mtu asiyemchokoza. Katika nchi ya Meksiko buibui wa magoti mekundu walichimbwa kwa wingi kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, hata mwaka 1985 ikawa lazima biashara yao iwekewe sheria ya mataifa. Lakini ukimkuta shambani amelala chali, sasa wajua: usimpige jembe wala usimgeuze. Mpishe.

Sasa nimalizie habari ya amana yangu. Rafiki yangu alirudi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, juu ya ukavu wa hewa na juu ya yule muuzaji. Lakini alipoinama mbele ya sanduku nikamwona akihesabu miguu kwa midomo yake. Akafika saba, akanyamaza. Nikamwambia, "Sikusoma karatasi zako hata mwisho. Nilimgusa alipokuwa chali. Kisha nikamnyima maji kwa kuogopa kumgusa." Hakujibu upesi. Akaniuliza, "Na nani alimnywesha?" Nikasema, "Mimi." Akasema, "Basi utamlisha wewe leo." Akanipa koleo.

Nilimtilia nyenje mmoja. Buibui alimrukia kabla hajagusa udongo.

Mwaka uliofuata, nami nimekwisha rudi nyumbani, nilipata barua. Buibui alikuwa amejivua gamba tena, na mahali pa ule mguu palikuwa na mguu mpya, mfupi na mwembamba, kama wa mtoto. Hivyo ndivyo buibui walivyo: mguu uliotupwa huota tena wakati wa kujivua, ukakua kila mara hata ukafanana na wenzake. Chini ya barua rafiki yangu alikuwa ameandika kwamba zile karatasi mbili ameziandika upya, na kwamba maneno ya ukurasa wa nne ameyaweka mwanzo wa ukurasa wa kwanza.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo jioni hii, ndugu zangu. Kiumbe asiye na sauti hawezi kukwambia aumwapo. Mtazame kwanza, mnyweshe, kisha umpe nafasi. Na ukipewa maagizo yaliyoandikwa, yasome hata mwisho.